Kunguru Waliomjua Dobi kwa Sura

Dobi alikuwa amepoteza henga ishirini na sita za waya, za kutundikia nguo za wateja, kabla hajafikiria kumshuku kunguru. Kwanza alimshuku jirani wa ghorofa ya pili, akamnunia wiki nzima. Kisha akajishuku mwenyewe, kwamba umri umeanza kumchezea. Asubuhi moja alipanda paani kuangalia kwa nini tangi la maji linavuja, na nyuma ya tangi akazikuta zote: zimesukwa waya juu ya waya, ndani zimetandikwa nyuzi za brashi ya kufulia na kipande cha soksi ya mteja. Katikati lilikaa kinda moja, manyoya nusu, limepanua mdomo mwekundu linangoja kulishwa.

"Kumbe ni ninyi!" alisema. "Ninyi ndio mnanigombanisha na watu?"

Hakuwa na nia ya kulidhuru kinda. Alitaka mali yake tu. Akavuta henga moja iliyojitokeza pembeni, kiota kikatikisika, kinda likapiga ukelele, na hapohapo kitu kikampiga kisogoni. Walikuwa wawili, baba na mama, na walikuja kwa zamu. Dobi aliteremka ghorofa zote nne bila kushika ukuta, henga mkononi, utosi unachuruzika damu.

Angekuwa na kazi nyingine, hadithi ingeishia hapo. Lakini paa ndilo lilikuwa riziki yake. Kamba zake sita za kuanikia zilifungwa huko juu, kwa sababu chini, kwenye chumba cha mbele alimopigia pasi, jua halikufika. Kila siku alilazimika kupanda na mabeseni yake, na kila siku kunguru walimngoja ukingoni mwa paa kama askari wa zamu. Akitokeza kichwa tu, wanalia. Akianika shuka la kwanza, wanamshukia. Mashuka yaliyokuwa meupe yaliteremka yana madoa, yanarudi majini, yanapanda tena.

Alijaribu mwavuli, upepo ukaubeba. Alijaribu kuvaa sufuria kichwani, wakampiga mabegani. Akamwomba wifi yake aliyekuja kuwasalimu apande kuanika badala yake. Wifi akaanika kamba nne nzima huku akiimba. Kunguru walimtazama tu.

"Mbona wapole hawa?" wifi alisema aliporudi. "Labda wewe unawapigia kelele."

Dobi alisonya mpaka wifi akaaga mapema.

Aliyemweleza ni mwalimu wa biolojia, mteja wake wa miaka mingi, aliyekuja kuchukua makoti yake meupe ya maabara.

"Wanakujua sura," mwalimu alisema, akikagua kola. "Kunguru hasahau uso wa aliyegusa kiota chake, anaweza kuukumbuka miaka. Na anawafundisha wenzake. Ukiona wa tatu na wa nne wamejiunga, ujue wameshasimuliwa habari zako."

"Mimi sikuwafanyia kitu, mwalimu! Henga ni zangu!"

"Hilo hawalijui. Vumilia. Kinda likitoka kiotani litakaa chini siku kadhaa mpaka mbawa zikomae, na wakati huo watakuwa wakali zaidi. Likisharuka, watapoa."

"Zaidi ya hivi?"

"Jaribu kuficha uso," mwalimu alisema, akaondoka na makoti yake.

Kesho yake dobi alikata matundu mawili kwenye foronya kuukuu, akaivaa, akapanda. Kunguru walishangaa, wakanyamaza. Akaanika nguo zote kwa raha. Lakini wakati wa kushuka alisahau kuivua, akakutana ngazini na mpangaji wa ghorofa ya tatu ametoka kuoga. Yule mama alipiga yowe lililowatoa watu wote milangoni. Tangu hapo foronya ikapigwa marufuku na jengo zima.

Hayo yote dobi angeyabeba. Kilichomfika kooni ni mavyaa.

Mama mkwe aliishi nao, katika chumba kilicho nyuma ya kile cha kupigia pasi. Mwanawe, mume wa dobi, alikuwa dereva wa lori la masafa, nyumbani ni siku nne kwa mwezi. Bibi alikuwa na magoti mabaya na masikio mazuri mno. Aliposikia kunguru wanalia juu ya paa siku tatu mfululizo, alimwita mkwewe, akamkalisha kitandani.

"Mwanangu, nimeitwa."

"Na nani tena, mama?"

"Bibi yangu alinisimulia. Kunguru alitumwa alete habari mbili, ya uzima na ya mauti. Njiani akaona mzoga, akaidondosha ya uzima ili apate nafasi mdomoni. Ndiyo maana mpaka leo anajua kutangaza msiba tu. Akililia paa siku tatu, kuna mtu ndani anafunga safari. Na humu mzee ni mimi."

"Mama, wale wananililia mimi. Siyo wewe."

Bibi alimtazama kwa huzuni. "Hata kifo changu unataka kiwe chako?"

Tangu siku hiyo hakushuka kitandani. Chakula alikirudisha nusu. Nguo zake nzuri aliwagawia majirani waliokuja kumjulia hali, na kila aliyeingia alimwomba msamaha kwa makosa ambayo wengine hawakuyajua mpaka wakati huo, na wakatoka wamekasirika. Dobi alifua, akapiga pasi, akapigwa na kunguru, akashuka kumgeuza mgonjwa asiyeumwa. Mumewe alipopiga simu aliuliza, "Mama amekula?" Hakuuliza kichwa cha mkewe kina vidonda vingapi.

"Njoo umlishe mwenyewe," dobi alijibu, akakata simu.

Siku ya kumi na moja ya vita hivyo kelele za paani zilibadilika. Zilikuwa nyingi, tena za kukatikakatika. Dobi alipopanda alikuta kunguru watano au sita wanazunguka juu ya kamba zake. Kinda lilikuwa limetoka kiotani na kunasa. Uzi wa kamba iliyochakaa ulikuwa umelizunguka mguu, nalo lilining'inia kichwa chini, linapigapiga mbawa, limechoka.

Angeweza kufunga mlango na kurudi chini. Alisimama pale akilifikiria jambo hilo kwa dhati kabisa. Kisha akasema, "Na hili nalo ni langu?" akachukua mkasi wa kukatia nyuzi za nguo, akatoka.

Hakuwahi kupigwa namna ile. Walimjia mbele na nyuma, wakamng'ata sikio, wakamvua kilemba. Kwa mkono mmoja alijikinga macho, mwingine ukashindwa kuukata uzi kwa sababu kinda lenyewe lilimdonoa vidole. Alipiga kelele, za hasira zaidi kuliko maumivu.

Ndipo mlango wa paa ukafunguliwa kwa kishindo.

"Mwacheni mkwe wangu, nyie mizoga!"

Mavyaa alisimama pale na gauni la kulalia, anahema, fimbo juu. Ghorofa nne alizozikataa miaka miwili. Alipiga hewa kulia na kushoto, akavuta shuka bichi kambani, akamfunika mkwewe na kinda pamoja.

"Kata! Unangoja nini?"

"Nakata, mama! Usinipige na fimbo!"

Uzi ukakatika. Kinda likaanguka, likajikusanya, likarukaruka mpaka nyuma ya tangi bila hata kugeuka. Kunguru hawakushukuru. Waliwafukuza wote wawili mpaka mlangoni, na bibi akadonolewa kipaji cha uso.

Walikaa kwenye ngazi ya juu, wakihema. Dobi alimtazama yule mzee aliyekuwa akifa tangu wiki iliyopita, akashindwa kuchagua acheke au alie.

"Magoti yako, mama?"

"Yanauma. Ungelia polepole nisingepanda." Akapangusa damu kwa kiganja, akaitazama. "Amenidonoa mimi! Mtu mzima kama mimi!"

Kifo hakikutajwa tena. Jioni ileile bibi alikula sahani mbili, akamtuma mkwewe mlango kwa mlango kudai nguo zake, na dobi akapita akiomba radhi kwa wenyeji na kukusanya magauni moja moja. Mama wa ghorofa ya tatu alirudisha lake likiwa limeshapunguzwa kiuno.

Baada ya siku tisa kinda liliruka. Mashambulizi yakapungua, kama mwalimu alivyosema, ila hata leo dobi akipita chini ya nguzo ya umeme, kunguru mmoja humtolea maneno.

Na bibi sasa hupanda kila asubuhi, polepole, akipumzika kila ghorofa. Ana kiti chake paani na fimbo mapajani. Anasema analinda. Dobi anasema anasimamia.

"Shuka hilo limepinda."

"Litanyooka kwenye pasi, mama."

"Na vibanio umeviweka mbali mbali. Sisi hatukuanika hivyo."

Dobi alivuta pumzi ndefu, akavisogeza vibanio.