Kidole Gumba cha Mama Usumani

Kwa miaka minne cherehani yetu mtaani Rwezamenyo iliendeshwa na watu wawili. Mama alikaa kwenye kiti akiongoza kitambaa. Mimi, mtoto wake Mugeni, nilikaa kwenye kigoda ubavuni kwake, nikizungusha gurudumu kwa mkono, maana mgongo haukumruhusu tena kukanyaga pedali. Wateja walisema, "Gari hii ina madereva wawili," na Mama alicheka nao.

Hospitali wamemwandika kwa jina la Mukasine, lakini mtaa mzima unamwita Mama Usumani, kwa jina la kaka yangu. Miaka yote hiyo sikumsikia akisema anaumwa. Wanawake wa kwetu wanazaa bila kutoa sauti, na yeye aliona mgongo ni jambo dogo kuliko kuzaa. Mimi nilijua kwa kidole gumba chake cha kulia. Maumivu yakipanda, kidole kilisugua ukingo wa kitambaa, polepole, mbele na nyuma. Nikikiona nasimamisha gurudumu na kusema uzi umekatika.

Mwaka wa tisini na moja alikuja hospitalini daktari Mbelgiji kwa wiki mbili, na mashine yake ndani ya sanduku. Nesi Illuminée, mteja wetu, ndiye aliyetueleza. Sindano ndefu inaingizwa karibu na viungo vya uti wa mgongo. Ncha yake inapata joto kwa mawimbi kama yale ya redio, inaunguza mshipa mdogo wa fahamu unaopeleka maumivu kichwani.

"Mshipa unaweza kuota tena baada ya mwaka hivi," alisema. "Lakini mwaka mzima bila maumivu, Mama Usumani, si utakanyaga cherehani yako mwenyewe?"

Mama aliitazama pedali.

Kwanza walimjaribu kwa dawa ya ganzi tu, waone kama maumivu yatatulia. Kabla ya sindano daktari aliuliza kwa Kifaransa, Illuminée akatafsiri: "Mama, maumivu iko namna gani?"

"Iko sawa tu."

Baada ya sindano akaulizwa tena.

"Iko sawa tu."

Illuminée alinifuata nje. "Muganga anasema hawezi kumchoma mtu asiyeumwa. Mama yako ulimleta hapa kutembea?"

"Kabla ya sindano aliumwa sana," nikasema. "Baada yake, hapana. Nilikuwa naangalia kidole chake."

Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa na kuona hakitoshi. Mimi niliishia shule ya msingi, na yeye anajua. Lakini alirudi ndani. Tukapewa Alhamisi, mara moja tu, kwa sababu Jumamosi daktari alikuwa anapanda ndege uwanja wa Kanombe kurudi kwao.

Alhamisi walinivalisha aproni nzito ya kuzuia eksirei, nikasimama karibu na meza. Mama alilala kifudifudi, uso haukuonekana. Sindano ilipofika mahali pake, daktari alipitisha umeme kidogo. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayetakiwa kusema kama umegusa maumivu yale anayoyajua. Asiposema, hawachomi.

"Mama, unasikia yale maumivu yako?"

"Niko sawa."

Daktari akasogeza sindano, akaongeza umeme.

"Niko sawa, mwanangu. Mwambie asante."

Daktari akashusha mikono. Kidole cha Mama kilikuwa kinasugua shuka.

"Ni hapo," nikasema.

"Mugeni, nyamaza," Mama akasema akiwa amelala vilevile.

Daktari akanitazama, kisha akamwambia Illuminée nigeuke, niipe mashine mgongo, nisione anapogusa. Nikageuka. Sasa niliona mkono wa Mama tu.

"Sasa," nikasema. Kidole kikatulia. "Hakuna." Kikaanza tena, kwa nguvu. "Sasa, na ni kali." Kikatulia. "Hakuna."

Illuminée aliacha kutafsiri. Daktari alikuwa ameshaelewa maneno yangu, ananisikiliza mimi moja kwa moja, akiitikia "mm" kila mara. Tukaenda hivyo sehemu tatu. Kila sehemu aliangalia kwanza kama mguu haurukiruki, asije akaunguza mshipa wa mguu, akatia ganzi, ndipo akaunguza, dakika moja na nusu.

Njiani kurudi Mama alisema neno moja tu. "Umenivua nguo mbele ya mwanamume."

Siku kumi mgongo uliwaka kuliko zamani. Illuminée alikuwa ametuonya, lakini kidole kilisugua kila kitu, shuka, kikombe, mkeka, na mimi nikaanza kuogopa kwamba nilimwaibisha bure.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, nilikaa kwenye kigoda changu na kunyoosha mkono kwenye gurudumu. Gurudumu lilikuwa tayari linazunguka.

"Toa mkono," Mama akasema. "Unanichelewesha."

Miguu yake ilikuwa juu ya pedali, yote miwili. Alishona upindo wote wa gauni bila kusimama, akageuza, akashona wa pili. Majirani walichungulia mlangoni. Mmoja akauliza, "Dereva wa pili amefukuzwa?"

"Amepandishwa cheo," Mama akajibu. "Kuanzia leo namfundisha kukata."

Wiki iliyofuata Illuminée alileta kitambaa, lakini macho yake yalikuwa kwa Mama.

"Mama Usumani, mgongo iko namna gani?"

"Iko sawa tu."

Illuminée akanigeukia mimi. Mimi nikaangalia kidole gumba. Kilikuwa kimelala juu ya kitambaa kama cha mtu aliyesinzia.

"Leo ni kweli," nikasema.

"Na mimi si nilisema hivyo tangu siku ya kwanza?" Mama akauliza, akakanyaga pedali.