Kwiki Chini ya Kucha

Msimamizi wa karakana ya kushonea alikuwa na neno moja la Kiingereza, na alilitumia kama fimbo: "Kwiki! Kwiki!" Mafundi wakambandika jina hilohilo. Siku moja akasimama nyuma ya Bibi Vifungo, mshonaji mkongwe kuliko wote.

"Bibi, wenzako wanashona makoti, wewe unayabembeleza. Usipokuwa kwiki hadi Ijumaa, cherehani hii nampa mwingine."

Bibi akarudi nyumbani na neno limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akamkuta mjukuu wake, mwanafunzi wa Kiingereza chuoni, anaosha vyombo.

"Mjukuu wangu, hiki kikwiki kimezaliwa wapi?"

Mjukuu akafuta mikono, akafungua kamusi, akaanza kucheka. "Bibi wee! Siku hizi ni haraka. Lakini hapo kale maana yake ilikuwa hai, yaani mwenye uhai. Mpaka leo ile nyama laini chini ya kucha wanaiita hivyo."

"Ile inayouma?"

"Hiyohiyo."

"Kumbe!" Bibi akacheka hadi mtandio ukamdondoka.

Ijumaa, makelele ya Kwiki yalimkimbiza binti mmoja aliyeshona kola mpaka sindano ikampitia kwenye kucha. Akapiga yowe.

"Funga kitambaa, kwiki, tuendelee!"

Bibi akaondoa mguu kwenye pedeli. Akamfunga binti kidole, tena taratibu, kisha akageuka.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia mafundi.

"Nyumba yangu paa gumu, mwenyewe laini. Ukimgusa, mtaa mzima unalia."

Binti akajibu na machozi yake: "Nyama ya kucha!"

"Umepata, mji sikudai. Na hiyo ndiyo kwiki, baba. Wewe unatupigia haya, haya! Neno lenyewe linasema hai, hai. Basi mimi ni kwiki tangu nilipozaliwa. Cherehani siiachi."

"Nani kakudanganya?"

"Kamusi. Kagombane nayo."

Kwiki akaishika cherehani aivute. Bibi akaikumbatia kama mtoto aliyelala. Jirani wa binti akaondoa mguu kwenye pedeli, wa pili akafuata, mwisho karakana nzima ikasimama. Kwiki akatazama huku na huku. Lile neno lake moja lilikuwa limeshachukuliwa. Akaiachia cherehani.

"Haya, wanangu," Bibi akasema, akikanyaga pedeli polepole. "Mwendo ni huu."

Wakamfuata.