Kikaango cha Matugeno

Kikaango cha shaba kilipotoweka, Matugeno, fundi viatu wa kambi ya askari wa Kirumi, hakuuliza mtu. Alinunua bamba jembamba la risasi, akachora juu yake kwa msumari: "Aliye nacho, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mwungwana, asipate usingizi wala choo." Akalikunja, akalitupa katika chemchemi ya mungu Suli, kama wafanyavyo watu wote walioibiwa.

Aliporudi nyumbani, mkewe Velvina alikuwa anakaanga mayai kwenye kikaango kile kile.

"Nilimwazima dada. Kwani ulikuwa unakitafuta?"

Siku ya nne bila choo, Matugeno alimwendea kuhani wa chemchemi, ameshika tumbo.

"Nataka kuifuta laana yangu."

"Haifutiki, bwana. Mungu akishasoma, kasoma. Ulimtaja nani?"

"Nilisema aliye nacho."

"Basi usiwe nacho."

Jioni ile Velvina aliukuta msumari wa ukutani mtupu.

"Wewe, kikaango kimekwenda wapi tena?"

"Nimemzawadia mama yako," alisema Matugeno, akitoka chooni anafunga mkanda. "Alikuwa anakisifia siku nyingi."