Kamati ya Kupunguza Vifaa

Nilikuwa na picha elfu sitini za majani ya maharage, na kompyuta ambayo ikifungua tatu kwa mpigo inazimika. Mradi ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Nisipojua ni majani mangapi yana ugonjwa, mradi unafungwa, nami narudi kwa mama kulala chumba kimoja na cherehani yake. Niliogopa, sifichi.

Bajeti ilikuwa kiduchu. Wiki tatu nilizunguka madukani nikipiga hesabu ya mashine itakayozichambua picha yenyewe: prosesa ya wastani, kadi ya picha iliyokwisha kutumika, skrini ibaki ile ile ya zamani, ili nipate cha kununulia memori ya kutosha. Nikaongeza diski na pawasaplai ya kuilisha umeme. Vitu vitano tu, hakuna hata skrubu ya anasa.

Tatizo lilikuwa kamati ya vifaa. Kwetu kituoni ina wajumbe watano, na kila mjumbe lazima aondoe kitu kimoja kwenye orodha. Asipoondoa, hahesabiwi kuwa amehudhuria, na chai hapati.

Nikajifanya mjanja. Nikachomeka vitu vitano vya kipuuzi ili waondoe hivyo, waniachie vyangu: tangi la samaki, ngazi, kengele ya shaba, mwavuli wa bustani na kiti cha kinyozi.

Mwenyekiti, mtaalamu wa minyoo, akavaa miwani. "Kadi ya picha, iliyotumika. Sisi si watu wa mitumba. Futa."

"Prosesa mimi siijui," akasema mkutubi. "Nikiulizwa nitajibu nini? Futa."

"Na ngazi je?" nikauliza.

Dereva mkuu akanitazama kwa huruma. "Dada, ngazi ni ngazi. Utafanyaje kazi bila ngazi? Mimi naondoa memori."

Diski ikaenda. Pawasaplai nayo ikaenda, kwa maelezo kwamba umeme ukutani upo.

"Tangi la samaki?" Nilikuwa karibu kulia.

"Usihofu, mwanangu," akasema mwenyekiti. "Hilo tumekulindia."

Vitu vilipoletwa nilikaa kwenye kiti cha kinyozi nikalia kwa hasira, maana ujinga ulikuwa wangu mwenyewe.

Kesho yake kamati ikaja kukagua, kwa kuwa ilichokipitisha lazima ikikague. Tangi lilikuja na samaki wake, na kuwatazama kukawanogea, wakawa wanakuja kila siku na vikombe vyao vya chai. Siku ya nne uvumilivu ukaniishia. Nikachapisha picha, moja moja, nikampa kila mjumbe bunda lake.

"Anayetaka kutazama samaki anitenganishie haya. Yenye ugonjwa huku, mazima kule."

Nilidhani watatimua mbio. Wapi! Walikaa, wakagombania madoa, wakanuniana, wakapatana. Dereva mkuu alimaliza mia mbili kabla ya saa sita mchana. Mkutubi alikataa kwenda likizo.

Wiki ya mwisho zilibaki picha chache, na nikajua mradi umepona. Nilitamani kuwakumbatia na kuwazaba vibao kwa wakati mmoja. Mwenyekiti akavua miwani, akasugua macho yaliyoiva kama nyanya.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "kweli kazi kama hii haina mashine yake?"

Nikampa jani lingine.