Posa ya Gari la Baba Mkwe

Jana Ijumaa mchana, nikiwa nimeshiba pilau na kujilaza kwenye kochi, niliota kwamba gari la baba mkwe linaposwa.

Posa yenyewe haikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba nilikalishwa upande wa bibi harusi, mahali pa mzazi, na sikuwa na hata kanzu ya maana.

Gari lilikuwa palepale sebuleni, juu ya zulia, limefunikwa kanga mbili usoni. Ni gari jeusi, la zamani, na Mzee Shekalaghe analipenda kuliko wakwe zake wote tukichanganywa. Alipokwenda Handeni kwenye harusi ya mpwa wake aliniachia ufunguo na sentensi moja: "Hoza, lifunike tu." Tangu nimwoe binti yake, miaka minne sasa, hajawahi kuniita kingine zaidi ya Hoza. Wakwe wenzangu anawaita "mwanangu". Nami nilitaka sana siku moja aniite hivyo, sioni haya kulisema.

Basi sikulifunika. Jumanne kunguru wakalichafua, nami kwa kiherehere changu nikalisugua boneti kwa waya wa kusugulia sufuria. Uchafu ulitoka wote. Ilibaki mikwaruzo, tele, ya mviringo, nikaificha kwa turubai. Fundi Chambo wa gereji ya jirani akaniazima mashine mbili za kupigia polishi, akaniambia nichague moja, akaenda zake kula. Mzee alikuwa anarudi Jumamosi. Kwa hofu niliyokuwa nayo, nikala sahani mbili nikalala.

Hodi ikapigwa.

"Karibuni," nasema.

Anaingia mshenga. Ni waya wa ekstensheni, wa mita ishirini, mtu mzima mwenye heshima zake. Kichwa kimoja kiko kwetu, kingine bado kiko kwao. Amebeba barua ya posa iliyofungwa kwenye kitambaa laini cha kufutia magari. Mkono alioibebea sikuuona, wala sikuuliza.

Nyuma yake wanakuja wachumba wawili. Wa kwanza ni mashine ya kuzunguka, nene, yenye kifua. Alianza kuongea kabla hajatua mkekani, polishi ikaruka ukutani, kwenye televisheni na kwenye ndevu zangu.

"Mtuwie radhi," mshenga akasema. "Huyu akiwashwa kabla hajatua, ndivyo alivyo."

"Sasa nimetua," mchumba ananguruma. "Nipeni boneti. Dakika tano, kazi imekwisha."

Kusema kweli, nikampenda palepale.

"Muulizeni," sauti ikatoka chini ya kanga, "akikaa pahali pamoja inakuwaje."

"Nikikaa pahali pamoja panaungua," akajibu bila aibu. Na mkeka chini yake umeshaanza kufuka moshi. "Kwa hiyo tutembee."

Tukainuka sote, tukaendelea na posa kwa miguu. Tunatoka dirishani hadi mlangoni, polepole, kila mmoja akikanyaga nusu ya njia ya mwenzake. Kisha tunakata kwa kuvuka, kutoka kabatini hadi kwenye friji. Mshenga anatusifu kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, huku akijizungusha kwenye miguu ya watu.

Zamu ya tatu, sebule haipo. Tuko juu ya boneti.

Ni pana kuliko uwanja wa mpira wa Muheza. Mtu amebandika utepe wa karatasi kuzunguka mahali tuliposimama, na mshenga anatuambia hakuna kuvuka utepe mpaka tumalize mraba huu. Chini ya miguu yetu mikwaruzo imelala pande zote, mirefu kama mifereji.

"Shikamoo, Baba," mmoja ukaniamkia.

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wako. Nimezaliwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Mama yangu ni waya wa sufuria."

"Shikamoo, Baba," ukasema wa pili. Kisha wa tatu. Nikaitikia marahaba mpaka sauti ikanikauka, na watoto bado wako kwenye foleni.

Hapo ndipo mchumba wa pili alipopata nafasi. Alikuwa mwembamba, anazunguka huku anatikisika, na kikombe cha kahawa alichopewa kilikuwa kimeshamwagika chote.

"Mi-mi-mimi nitachukua siku nzima," akasema. "Na mkwaruzo ulioingia ndani sana nitauacha. Rangi ni ngozi. Ikiisha haioti tena."

"Namtaka huyo," likasema gari kutoka chini yetu.

"Mwenzake anatumia dakika tano," nikalibembeleza. "Mzee anarudi kesho!"

"Ngozi ni yako au yangu?"

"Yako."

"Basi."

Nikakubali, kwa shingo upande. Mchumba akashukuru mpaka utepe ukabanduka, halafu akatoa masharti.

"Polishi haipigwi juu ya uchafu," akasema. "Uchafu ukibaki, huo huo ndio utakaokwaruza upya. Mzazi wa bibi harusi aoshwe kwanza."

"Mimi nimeoga."

"Sema ulichopanga kumwambia Mzee."

"Nimepanga kusema ni watoto wa jirani."

Maji meusi yakanitoka mdomoni, yenye povu. Mikwaruzo yote ikageuka kunitazama. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku niliyoanguka ukumbini kwenye harusi yangu.

"Tena," akasema mshenga.

"Basi, ni kunguru."

Meusi tena.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitumia waya wa sufuria. Naogopa hataniita mwanawe maisha."

Maji yakatoka meupe. Mshenga akanifuta kidevu kwa kile kitambaa laini.

"Sharti la pili," mchumba akasema. "Naanza kwa kujaribu pahali padogo, pasipoonekana."

Akanikunja sikio la kushoto. Kuna baridi, kisha mtekenyo, kisha joto kidogo.

"Usinibonyeze," nikamwomba.

"Sibonyezi. Uzito wangu unatosha."

"Hoza! Amka!" Ni Sikudhani, mke wangu, ananitikisa. "Baba amefika. Yuko nje."

"Si kesho?"

"Wamegombana huko harusini kuhusu nyama. Amka bwana, analifunua gari!"

Nilitoka pekupeku. Mzee Shekalaghe alikuwa amesimama mbele ya boneti, turubai mkononi, kofia ya kiua kichwani. Kando, kwenye kibaraza, zile mashine mbili za fundi Chambo zilikuwa zimekaa kimya kana kwamba hatujuani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," akasema, macho yakiwa kwenye mikwaruzo. "Hoza, hii nini?"

Watoto wa jirani walikuwa wanapita, na nilishafungua mdomo. Nikaonja povu.

"Ni mimi, Baba. Nilisugua kwa waya wa sufuria. Nisamehe."

Alinisogelea, nikafumba macho nikingoja kofi. Badala yake akanikunja sikio la kushoto, akachungulia nyuma yake kwa muda mrefu.

"Sikudhani," akaita, "njoo umwone mumeo."

Mke wangu akaja, akatazama, akapitisha kidole. "Mbona hapa panang'aa hivi? Najiona!"

"Ulimpa yule anayetetemeka?" Mzee akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Baba."

"Afadhali yako, mwanangu."

Akavua kofia, akanigeuzia kisogo. Nyuma ya sikio lake palikuwa na kovu la mviringo, la zamani, lisilo na unywele hata mmoja.

"Mimi gari la baba mkwe wangu," akasema, "nilimpa yule wa dakika tano."