Kinamasi Kilichohamia Sebuleni

Jumamosi asubuhi Kina alipiga deki sebule yake, akakamua tambara, akaona sakafu haikauki. Akapiga deki tena. Maji yalikuwa yanapanda polepole kutoka kwenye maungio ya vigae, yakinuka majani yaliyooza, na jua lilipopanda yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nyuma ya kochi matete yalianza kuchomoza. Mumewe, fundi redio, alimaliza chai yake, akapandisha redio za wateja juu ya kabati, akakunja suruali.

"Bomba limepasuka?"

"Si bomba. Ni kinamasi."

"Haya," alisema mume, akaenda kazini.

Kina alikitambua kwa sababu alikuwa amekipima kwa miaka. Kituo kizima cha utafiti wa maji kilimwita Kina, maana akiona maji yoyote, hata ya kwenye beseni, swali lake la kwanza ni kina chake. Hiki kilikuwa kinamasi cha bondeni, pale mto unapopinda. Kazi yake hata mtoto angeielewa: mto ukifura, maji yanaingia humo, yanatulia, halafu yanatoka kidogo kidogo. Kinamasi kikiwapo, mto una pa kupumzikia. Kisipokuwapo, mto unajitafutia.

Wiki iliyotangulia walikuwa wanakamilisha ramani ya hatari za mafuriko. Mkuu wa kituo, mtu mpole, mcheshi, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, alimpigia simu.

"Mwanangu, pale bondeni, andika wazi."

Sasa, Kiswahili ni kipana. Kuandika wazi ni kuandika bila kuficha. Na "wazi" juu ya ramani ni ardhi isiyo na kitu, mwenye kutaka kujenga na ajenge. Kina alielewa vizuri sana Mkuu anataka lipi. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ule, na Mkuu hakuwa na haja ya kulitaja hilo. Akafuta neno "kinamasi", akaandika "wazi". Baadaye alijiambia kwamba huenda alisikia vibaya. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara uso ulimwaka kwa aibu.

Ndivyo kinamasi kilivyokosa kwao, kikamfuata aliyekifuta. Ulitaka kiende wapi?

Baada ya siku chache wenyeji wa kinamasi nao waliwasili. Korongo walijipanga juu ya fimbo ya pazia. Kambale wakachukua chini ya meza. Jirani alipita kuomba chumvi, akamkuta kenge amelala juu ya televisheni.

"Hata huyu?"

"Katika msafara wa mamba na kenge wamo," Kina alijibu. Jirani akacheka, akapokea chumvi yake, akaenda zake.

Kisha akaja mdogo wake, ambaye kwao wote walimwita Kitinda kwa kuwa ni kitinda mimba. Aliingia viatu mkononi, meno yote nje.

"Dada, tumepata kiwanja! Bondeni, pale mto unapopinda. Ramani imesema wazi. Nimewaambia watu wote, dada yangu ndiye aliyepima."

Kina alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini, akaliinua tena.

"Pale pana maji, Kitinda."

"Palikuwa. Tumekwenda kuangalia, pakavu kauu." Kitinda akatazama matete, akatazama vyura kwenye mto wa kochi. "Kumbe kimekuja huku! Jamani dada, umekibeba wewe ili sisi tujenge?" Akamkumbatia kwa nguvu. "Mungu akulipe."

Kina alitamani sakafu impasukie, lakini sakafu ilikuwa imejaa tayari. "Mwinue msingi," alisema.

"Kiasi gani?"

"Uwe juu tu."

"Sawa. Na yule rafiki yangu Mshonaji naye namvuta awe jirani yangu, ila anasitasita. Eti maji hayasahau njia. Nimemwambia aache woga wa bure, nina ndugu yangu mtaalamu."

"Mwambie..." Kina alianza.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie namsalimia."

Jumatatu Kina alikwenda ofisini kwa Mkuu, akaomba ramani irekebishwe. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyo.

"Kinamasi kiko wapi sasa hivi?"

"Sebuleni kwangu, Mkuu."

"Na bondeni?"

"Pakavu."

"Basi ramani inasema kweli. Unataka tuandike uongo?"

"Mto haujui kama kimehama."

"Hilo ni la mto," alisema Mkuu kwa upole, akamsogezea mkataba mpya. "Kuvuja kwa pakacha, mwanangu." Kina akatia saini. Kalamu haikugoma. Alirudi mezani kwake akakaa amejiinamia, na wenzake wakadhani anaumwa kichwa.

Alikwenda bondeni mara moja tu. Nyumba zilikuwa zimeshafika kwenye linta, nyingine zimeezekwa. Kitinda alimpokea ana saruji mpaka kwenye nyusi. Mshonaji, mwanamke mwembamba mwenye pini mdomoni, alikuwa ameshahamia, cherehani iko dirishani. Alimkatalia mgeni kukaa kabla hajampima gauni.

"Mtu aliyetupatia mahali hawezi kuondoka hivihivi," alisema. "Nyoosha mikono, shoga."

Kina akanyoosha mikono. Mshonaji akampima mabega, akampima kifua, akampima kiuno, akimsimulia jinsi alivyokuwa mwoga, na jinsi Kitinda alivyomcheka mpaka akakubali. Kina alisimama pale kama kinyago. Maneno yote aliyokuja nayo alikuwa nayo mdomoni. Akashukuru, akaaga, akapanda mlima kurudi, na njiani alilia kwa hasira za kujichukia mwenyewe.

Mvua zikanyesha milimani. Mto ukaja bondeni mchana kweupe, ukatafuta pa kupumzikia, haukupakuta, ukaingia majumbani. Sebuleni kwa Kina maji hayakuongezeka hata tone. Korongo walisinzia, vyura wakaendelea na kelele zao za kila siku. Kitinda na mumewe na watoto walipanda juu ya paa, wakavutwa kwa kamba. Mshonaji alirudi ndani kuchukua cherehani. Walimkuta chini sana, kwenye kingo za mashamba, matope yamekwisha kukauka juu yake.

Kituo kilitoa taarifa ya pole. Matope yalipokauka kabisa, viwanja vikatangazwa tena kwa ramani ileile, na watu wakaenda kuviangalia na miavuli yao, maana jua lilikuwa kali.

Kitinda na mumewe na watoto wakahamia kwa Kina. Watoto walizoea upesi, wakawa wanashindana kuwapa majina kambale. Alasiri walipotoka kumzika Mshonaji, Kitinda alikaa kwenye kochi, amepandisha miguu isiguse maji. Hakulia. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Ni mimi niliyemuua, dada."

"Usiseme hivyo."

"Alikuwa hataki. Nimemvuta mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Watoto wake nitawatazamaje?"

"Usijilaumu, mdogo wangu. Hukujua."

"Kweli sikujua." Kitinda akamshika mkono, akamtazama usoni, akingoja akubaliwe. "Ningejua ningemwambia. Hata kama ningekosa kila kitu, ningemwambia. Si unanijua, dada?"

"Nakujua," alisema Kina.

Kitinda akaegemeza kichwa begani kwake. Kina akamfunika miguu kwa khanga, akaikunja pembe isilowe.