Mpira Ulioteleza

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo hajawika bado, nikasikia msasa ukisugua kitu jikoni. Nilijua ni mume wangu, Ongeri. Maisha yake yote amechonga mawe ya sabuni hapa Nyamarambe, na kitu chenye mikwaruzo humnyima usingizi.

Mjukuu wetu Gesare alikuwa amelala kwetu na rafiki yake Istarlin, binti wa mwenye duka mjini Kisii. Walikuja na roboti waliyoiunda shuleni. Siku hiyo walikuwa na mashindano: roboti irushe mpira, uizunguke nguzo na kuingia kwenye kikapu kilicho nyuma yake.

Baada ya chai walijaribu mara ya mwisho uani. Nguzo yao ilikuwa mgomba wangu, na kikapu kiliwekwa nyuma yake.

"Magurudumu haya mawili ndiyo yanayourusha mpira, na la kushoto linakimbia kuliko la kulia," Gesare alinieleza. "Mpira unajizungusha kama pia, halafu unapinda kulia. Tazama, Magokoro!" Ndivyo anavyoniita mimi, bibi yake.

Paa! Mpira ukaenda moja kwa moja, ukagonga mgomba. Wakarudia. Paa!

"Jana ulipinda!" Gesare akakaa chini, machozi yakimlengalenga. "Tumekwisha."

"Huo mgomba umewakosea nini?" Ongeri akatania. "Na mpira nimewang'arishia, nikaupaka na nta! Ulikuwa na mikwaruzo kama pua ya paka mgomvi."

Gesare akafungua mdomo. Mikwaruzo ile waliitia wenyewe, ili magurudumu yaushike mpira na kuuzungusha. Lakini Istarlin akamfinya mkono taratibu.

"Babu, umeung'arisha vizuri sana," akasema. "Shida ni roboti yetu, haina vidole kama vyako. Vitu laini vinaiponyoka. Una ule msasa mkali wa kuanzia kazi?"

Ongeri akaelewa. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mara ya kwanza naombwa niharibu kazi!"

Nikaosha nta kwa maji moto na sabuni, naye akaukwaruza mpira huku wasichana wakimwelekeza. Safari hii ukatoka, ukauzunguka mgomba kama mtoto anayekwepa kuogeshwa, ukatumbukia kikapuni. Gari la shule likapiga honi.

Jioni Gesare alinipigia simu akipiga kelele: mpira umepinda, wameshinda! Ongeri akaninyang'anya simu.

"Nipe Istarlin. Mama, hujambo? Msasa mkali nimekuwekea. Utakuja lini tena kututembelea?"